Machozi ya Bertha

Wivu wa mali angalau unasemeka. Wivu wa Stefania ulikuwa wa machozi ya mwenzake, na huo huwezi kumweleza hata padri.

Mumewe, Leonsi, alizikwa Februari pale Kasense. Siku tisa baadaye akazikwa Clemens, mume wa jirani yake Bertha. Bertha alilia mpaka sauti ikamkauka. Stefania hakulia mbele ya mtu. Tena juma lilelile la msiba wake alichukua jembe akaenda shambani kufukia majani kwenye matuta, maana ndani ya nyumba kila kitu kilimkumbusha Leonsi. Majirani walimwona ameinama, wakamsifu. Aliyeshika jembe, walisema, ameshapoa.

Basi jumuiya yote ya sala ikahamia kwa Bertha. Walimlimia matuta, wakampelekea kuni, maharage na unga wa ulezi. Kila ungo uliopita mlangoni kwa Stefania, aliusindikiza kwa jicho la husuda. Hakuwa na njaa. Alitaka mtu mmoja tu aingie, akae, amuulize, "Jana ulilala kweli?" Bertha aliulizwa hivyo kutwa, na Stefania akamchukia kwa hilo, huku akimsalimia vizuri njiani.

"Wewe una moyo mgumu, dada," Zenon, mwenyekiti wa jumuiya, alimwambia. "Mtie nguvu mwenzako."

Alhamisi sala ilikuwa kwa Bertha, kama Alhamisi zote. Bertha alikaa mkekani, wanawake wamemzunguka. Ukafika wakati wa maombi. Tumwombee Bertha apate faraja. Tumwombee Bertha apate usingizi. Kila ombi lilimuunguza Stefania chini kwa chini, kama moto wa pumba. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na yeye hakuwa ameanza.

Akasimama.

"Tumwombee Stefania," alisema, kana kwamba anamtaja mtu mwingine. "Naye amefiwa. Hana usingizi tangu Leonsi azikwe, na anamwonea wivu mfiwa mwenzake."

Machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Zenon alisahau kuitikia. Wote walisahau.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," aliitikia Bertha peke yake, akasogea pembeni mkekani ili Stefania apate pa kukaa.