Bibi yangu alionja togwa ya meneja mbele za watu kwenye tamasha la vyakula, na mimi nikamkana

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Kasulu ambako leo mvua haitaki kukata.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi zenu kwa simu ya mjomba, nacheka peke yangu, narudisha simu. Sijawahi kuandika hata comment moja. Hata darasani niko hivyo hivyo, mwalimu akiniuliza swali najibu moyoni.

Hii nimeitoa kwenye daftari langu, nikaipanga kidogo. Chumvi sijaongeza. Ningekuwa naongeza, ningejiweka mimi kuwa mtu mwema kuliko mtakavyoona.

Twende.

Huku kwetu imefunguliwa park ya michezo, nje kidogo ya mji. Najua watu wa Dar mshaanza kucheka, lakini ipo. Kuna bembea kubwa ya duara inayopanda juu kuliko miti, kuna treni ya watoto, kuna bwawa, kuna ile nyumba ya upepo ya kurukia. Mimi nilikuwa naiona kwa nje ya ukuta tu.

Basi wakatangaza tamasha la vyakula na vinywaji, Jumamosi na Jumapili. Wakasema akina mama wanaotengeneza vinywaji vya asili waje wauze, na meneja atapita meza kwa meza kuonja. Watakaomridhisha watapewa sehemu ya kudumu ndani ya park, yenye kivuli na bomba la maji karibu.

Bibi yangu, ambaye ndiye amenilea, anauza togwa. Kwa wasioijua: ni uji wa mahindi uliopoa, unatiwa kimea cha ulezi, unalala, asubuhi umeshakuwa mtamu. Hailevyi, msianze.

Miaka yote anaibeba kichwani kwa ndoo, anazunguka nayo soko zima. Sasa goti lake la kulia limechoka. Akifika nusu ya soko anakaa kwenye jiwe, analishika kwa mikono miwili kama vile litadondoka. Hospitali walimwambia aache kubeba mizigo. Aliwaitikia vizuri sana, kesho yake akabeba.

Kwa hiyo mnielewe, ile sehemu yenye kivuli kwetu ilikuwa habari ya goti.

Jambo jingine la kujua: Bibi alitoka Burundi akiwa binti mdogo. Sasa ni raia, kitambulisho chake anakiweka ndani ya Biblia. Kiswahili chepesi anakisikia, kirefu kinampita, na kukisema ndiyo shida. Siku hiyo mimi nilipewa kazi ya kuwa mdomo wake. Yaani mtu mwenye aibu kuliko wote kwenye ukoo, ndiye kapewa kazi ya kuongea. Nilikuwa nimekubali kwa sababu moja tu: wauzaji waliingia bila kiingilio na walipewa tiketi moja ya bembea.

Jumamosi tukafika mapema kwa bodaboda, ndoo ikiwa mapajani kwa Bibi.

Meza ya jirani alikuwepo Bi Zuwena, ana duka la vyombo mjini, asili yake Tanga, siku hiyo alikuwa anauza kaimati na juisi ya ukwaju. Akamwangalia Bibi anavyofuta meza mara ya tatu, akasema, "Shoga yangu, hiyo meza utaitoboa." Nikamtafsiria Bibi. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Wateja wengi walikuwa watu wa hapa hapa, wanasalimia kwa Kiha, lugha ya huku inayokaribiana na Kirundi cha Bibi, wanakunywa, wanarudisha kikombe. Mimi hata sikuhitajika.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana bila hili hamtaelewa.

Kwetu, humpi mtu kinywaji mkononi kabla wewe hujakionja. Unamimina, unapiga funda moja mbele yake, kutoka kikombe kile kile, halafu unampa kwa mikono miwili. Maana yake, kama humu kuna kitu kibaya basi kinianze mimi. Bibi hafanyi kwa kufikiria. Ni kama wewe unavyopiga hodi. Hata dawa ya kikohozi nikiwa mdogo alikuwa anailamba kwanza.

Na mimi nimekua naona hivyo, kwa hiyo wala haikunijia kichwani kwamba kuna mtu ataona vibaya. Hilo ndilo kosa letu.

Mchana watu wakafurika. Mabasi madogo yametoka Kibondo yamejaa, wafanyakazi wa kambi za wakimbizi wamekuja na familia, wanafunzi ndio usiseme. Foleni ya chipsi imekutana na foleni ya treni, watu hawajui wamepanga kwa ajili ya nini. Moshi wa nyama, muziki, watoto wanalia wanataka kurudia kuruka.

Ndipo meneja akafika mezani kwetu. Kijana tu, shati jeupe, ana faili, nyuma yake wasaidizi wawili. Nyuma yao kundi la watu wanaofuata kuona.

Bibi alifurahi jamani. Akatoa kikombe kile kizuri chenye maua ambacho nyumbani hatukitumii. Akakisuuza. Akamimina. Akaonja. Akakitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Meneja hakupokea.

"Mama, umekunywa?"

"Ego," Bibi akasema, yaani ndiyo. "Nimekunywa. Karibu."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Bibi ana kiu huyo, mwacheni!" Simu zikatoka.

Meneja hakucheka, nimpe haki yake. Alisema taratibu, "Hapana mama. Hapa tunapokea watoto, mambo ya usafi hatuchezi nayo. Huwezi kunywea kikombe cha mteja." Akaandika kitu kwenye faili, akaenda kwa Bi Zuwena.

Bibi akabaki ameshika kikombe. Akaniuliza kwa Kiha, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "amesema nini?"

Wakuu, ulimi ulikuwepo na maneno yalikuwepo. Nikamwambia, "Amesema atarudi."

Kabla sijakaa sawa wakatokea Diana na wenzake wawili, tunasoma nao Form Three. Diana bado alikuwa anafuta machozi ya kucheka. "We! Kumbe upo hapa? Huyo bibi wa kikombe ni wa kwenu?"

Nikasema, "Simjui vizuri. Namsaidia tu kuuza."

Nikachukua tiketi yangu nikaondoka nao. Sikugeuka nyuma.

Foleni ya bembea ilikuwa ndefu. Nilikuwa naiota hiyo bembea tangu inajengwa, lakini tulipokaa na ule mnyororo ukafungwa mapajani, sikusikia raha yoyote. Ikapanda. Ikafika juu kabisa ikasimama ili wengine wapande chini.

Kutoka kule unaiona Kasulu yote, mabati, migomba, barabara nyekundu inapotelea milimani. Diana alikuwa anapiga picha. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye meza yetu.

Kwa Bi Zuwena kulikuwa na watu. Kwa mama wa maandazi kulikuwa na watu. Kwa Bibi hakuna mtu. Halafu akafika mwanaume mmoja na mtoto. Bibi akasimama, goti likamsumbua, akashika meza. Akamimina, akaonja, akatoa. Yule baba akapunga mkono kwamba hapana, akamvuta mtoto wakaenda.

Bibi akakaa. Akainywa yote yeye mwenyewe, polepole, akafuta kikombe, akakirudisha pale pale.

Diana akanisogezea simu. "Cheki, nimeipata yote. Angalia sura ya meneja!" Kwenye video Bibi anaonekana mdogo sana. Sauti za watu wakicheka ni kubwa kuliko yeye.

Nikasema, "Diana, huyo ni bibi yangu. Naishi kwake."

Diana akashusha simu. Bembea ikasogea kidogo ikasimama tena.

"Mbona hukusema?"

"Naogopa."

"Sasa mimi nimeshairusha kwenye group." Alikuwa karibu kulia. "Yoo, sorry, ngoja nifute." Akafuta. Lakini mnajua wenyewe, kwenye group kitu kikishaonwa kimeonwa.

Tuliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nikachuchumaa pembeni yake nikamweleza kila alichosema meneja, neno kwa neno. Nikataka kumweleza na lile jingine, nikashindwa pa kuanzia.

Akaniokoa. "Ulimwambia yule msichana hunijui."

"Bibi..."

"Kuongea ndiyo siwezi. Masikio yangu ni mazima."

Nililia wakuu, mbele ya kaimati za Bi Zuwena. Bibi hakunikumbatia wala nini, sisi hatuna mambo hayo. Alinipa kitambaa cha kufutia meza. Nikajifuta nacho, kina togwa, nikawa nanata uso mzima.

Halafu akauliza kitu ambacho nilikiandika kwenye daftari siku ile ile. "Huyo kijana, akipewa kitu na mtu asiyemjua, yeye anajuaje kama ni kizima?"

Bi Zuwena akataka kujua tunasema nini. Nikamweleza. Akashusha pumzi. "Mwambie bibi yako simsemi vibaya, lakini hata mimi asubuhi aliponipa nilisita. Nikaona haya kumwambia. Nikaimwaga chini ya meza, Mungu anisamehe."

Nikatafsiri hilo pia. Niliamua sitaficha tena kitu siku hiyo. Bibi alimtazama Bi Zuwena, kisha akasema, "Basi mwambie anadaiwa kikombe kizima." Bi Zuwena akacheka kwa aibu.

Mimi nikasema, Bibi, si uonje kwa kikombe chako? Akakataa. Anasema ukionja kikombe kingine umeonja kinywaji kingine, hapo umemhakikishia mgeni nini? Na ukifikiria ana hoja.

Pale mezani kulikuwa na jagi la plastiki la kuchotea. Nikamuuliza, je, ukichota jagi moja mgeni anaona, ukamimina vikombe viwili hapo hapo, chako na chake, ukanywa chako kwanza?

Akalichukua jagi, akaligeuza geuza. "Anaona?"

"Anaona mwanzo mpaka mwisho."

"Ego," akasema. "Nenda kamwite."

Nenda kamwite! Mimi! Wakuu, kutoka mezani kwetu mpaka kwenye treni ya watoto si mbali, ila nilipita mara tatu nikijifanya natafuta mtu. Meneja alikuwa anagombana na baba mmoja aliyetaka kupanda treni na yeye.

Mara ya nne nikasimama mbele yake. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. "Shikamoo. Samahani. Yule bibi wa togwa hakukudharau. Kwetu anayekupa kinywaji anakunywa kwanza, ili kama kina ubaya kimpate yeye. Alikuwa anakulinda. Sasa ameweka vikombe viwili. Naomba uje."

Akasema, "Binti, nina meza nyingi."

Nikabaki nimesimama. Kuondoka sikuweza, kuongea tena sikuweza. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Akaangalia saa. "Dakika mbili."

Alipofika, Bibi akasimama. Akanawa mikono. Akachota jagi, akaliinua alione, akajaza vikombe viwili. Akanywa chake. Kile cha maua akakitoa kwa mikono miwili.

Meneja akanywa. Akanywa tena. Akauliza, "Mnafanya hivi kwa kila mteja?"

"Kila mteja," nikasema.

"Na umati huu wote? Mama, si utapasuka?"

Hilo Bibi alilielewa bila mimi. Akajibu kwa Kiswahili chake, "Mimi nakunywa kidogo. Wewe nakupa kingi."

Watu wakacheka tena, ila safari hii na yeye alikuwa anacheka. Meneja akakagua ndoo, kifuniko, maji ya kuoshea vikombe. Maji hakuyapenda, akataka beseni mbili, moja ya kuosha na moja ya kusuuza. Akaandika kwenye faili.

Matokeo yalikuja Jumapili jioni. Sehemu yenye bomba alipewa mtu mwenye friji na mashine ya juisi. Sisi tulipewa pembeni ya geti, Jumamosi na Jumapili tu, kivuli kipo, maji tunachota. Siku za katikati ya wiki Bibi bado anabeba, ila nimemnyang'anya ndoo kubwa, anatumia ndogo.

Nilichojifunza ni hiki. Nilijua kabisa kwa nini Bibi anaonja, nilikuwa mtu pekee pale ninayeweza kueleza kwa lugha zote mbili, na nikanyamaza kwa sababu watu wanacheka. Aibu yangu nilikuwa naiona kama tabia tu, haimdhuru mtu. Siku ile ilimdhuru.

Sijapona. Jana mteja aliuliza bei nikamwonyesha kwa vidole. Lakini ile ya kuonja naieleza kwa kila mgeni anayeshangaa, na sauti inatoka.

Sasa naombeni mniambie, huko kwenu mgeni anapewaje kinywaji? Na ungekuwa wewe yule meneja, kile kikombe cha kwanza ungekipokea? Semeni ukweli, Bi Zuwena alishasema wake.

Ila mtumie lugha nzuri. Bibi yuko hapa pembeni yangu anachambua ulezi, na amesema nitamsomea majibu yote.