Fundo la Mama

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, siku ya mvua nyembamba ya Brussels isiyojua kukatika. Nilikuwa na mimba ya kaka yako. Mama yangu kule Bukavu alikuwa hajasema nami tangu nilipoolewa bila ridhaa yake, na mimi nilijikaza vilevile. Hasira hasara, lakini ujana hausikii methali.

Msafiri mmoja wa kwetu aliniita nikutane naye kituoni Porte de Namur, akanipa kifurushi kutoka kwa mama, cha kitambaa kilichosokotwa na kukazwa kwa mafundo.

"Bon, chukua. Maman alikatala nimusaidie kufunga. Eti mikono yangu ni ya biro, ya kushika kalamu tu!"

Nikakibeba mpaka nyumbani Ganshoren, ambako Mama Keiko, bibi wa Kijapani wa ghorofa ya chini, alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Nikajaribu fundo la kwanza, likagoma. Niliona hata mafundo ya mama yananinunia. Nikachukua makasi.

Mama Keiko akanishika mkono. "Toku," alisema. Kisha, kwa Kifaransa chake cha taratibu, akaeleza kwamba kwao kitenzi hicho ni kufungua fundo, na pia ni kuondoa kinyongo kati ya watu. "Vyote viwili havitaki makasi, binti yangu."

Basi tukainamia mafundo, kucha zinauma, chai inapoa. La mwisho lilipolegea, dagaa wakavu wakamwagika, na kitambaa kikatanda mezani. Nikaona kiraka chekundu pembeni, nikakitambua kitambaa. Kilikuwa kitenge ambacho mama alinibebea mgongoni! Kumbe habari za mimba zilikuwa zimemfikia; alinipa nimbebee mwanangu, nami nilitaka kukikata.

Nikapiga simu.

"Allô, maman."

Akauliza: "Ulikata?"

"Hapana, maman. Nilifungua."

Nikamsikia akipenga kamasi. "Alors, mutoto umufunge vizuri. Asianguke."

Mwanangu, najua wewe na dada yako hamsemezani. Sikuulizi nani alianza. Nakuomba tu uweke makasi chini, ukae na fundo hilo, uanze na uzi ulio karibu: salamu, habari za watoto, hata mvua hii. Vidole vitauma. Acha viume, kwa maana hujui kitambaa hicho kilimbeba nani.

Mungu avilainishe vidole vyako, na dada yako apokee simu kabla haijalia mara ya pili.