Jumapili Tuliyowaombea Waandishi wa Katalunya

Sisi tuliofika Louisville, Marekani, tukiwa bado na vumbi la kambi ya wakimbizi Tanzania kwenye viatu, maktaba kwetu ilikuwa kwanza mahali pa joto. Mama alifunga maboksi ghalani kule Jeffersontown, na mpaka atoke kazini, mimi na dada Neema tulimsubiri pale, tukicheza kete kwa vifuniko vya soda chini ya meza. Mama alikuwa na sharti moja: "Siku mtakayoniaibisha mbele za watu, maktaba basi!"

Hapo tulimpata Babu Jordi, mzee aliyenukia kahawa, aliyejitolea kuwasaidia watoto kazi za shule. Kwao Katalunya, upande wa Hispania, wana lugha yao, na hesabu zikitushinda alituhadithia habari za riwaya za lugha hiyo. Karne ya ishirini ilipoanza, alisema, waandishi walisimulia maisha magumu ya milimani. Kisha wakaja wasomi wa mjini waliopenda mambo safi, yaliyopangika. Wakaona riwaya ina matope mengi, wakatukuza mashairi. Riwaya zikaadimika miaka na miaka. Alipofika hapo, saa ya kufunga maktaba ikafika.

Jambo hilo nililibeba wiki nzima. Sasa wanasoma nini? Na Kiswahili chetu nacho kikiishiwa riwaya? Jumapili, Mchungaji alipouliza nani ana ombi, miguu ilinyanyuka kabla sijaamua.

"Tuwaombee watu wa Katalunya. Hawana riwaya."

Hakuna aliyecheka. Kambini tulizoea kusikia watu wamekosa hiki na kile. Mama Daudi aliuliza tu, "Tangu lini, mwanangu?"

"Muda mrefu."

"Maskini!"

Kanisa zima likasimama, kila mtu akaomba kwa sauti yake.

Desturi yetu ni kwamba aliyeombewa Jumapili hutembelewa kwa sufuria katikati ya wiki. Basi Jumatano Mama Daudi akatokea maktaba na ugali na maharage, akiwa na Mama yangu aliyetoka kazini na kizibao chake cha kung'aa, wakimtafuta yule mtu wa Katalunya niliyewatajia. Mimi ndiye niliyetafsiri. Babu Jordi alisikiliza, akavua miwani, akasema mambo yale yalitokea karibu miaka mia iliyopita.

Sentensi ile ilinikaa mdomoni. Nilishaona meza yetu imekaliwa na watoto wengine. Nilifikiria kudanganya, nikafikiria nikigunduliwa, mwishowe nikaitafsiri yote.

Mama alinitazama, akanitazama tena. "Muulize, zilirudi?"

Zilirudi, alisema Babu, tena kwa kishindo. Watu walibishana magazetini kwa nini hawana riwaya, kisha vijana wakaketi wakaziandika: za mjini, za mapenzi, za watu wanaowaza kupita kiasi.

"Kumbe tumejibiwa," Mama akasema.

"Tena kabla ya kuomba!" akadakia Mama Daudi, na hapo Mama akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulikula nje kwenye benchi. Babu alikata ugali kwa kijiko, Neema akamwambia, "Babu, hiyo si keki!" Mama akatuagiza, "Kesho mrudi mkamsikilize. Ila wewe, hadithi iishe kwanza ndipo usimame kanisani."

Nilirudi, na sikuacha. Riwaya hizo nikazisomea chuo kikuu Columbus. Siku hizi naishi Buffalo, na nikiwapigia simu watoto wa Neema kule Reynoldsburg, nawasalimu kwa Kiswahili, wananijibu "okei". Wana akili kuliko sisi. Ningewaambia Wakatalani hawana riwaya, wangebonyeza simu, wangejua mara moja kwamba ni habari ya kale, na hakuna ambaye angeinjika maharage. Tasnifu yangu juu ya riwaya hizo imesomwa na maprofesa watatu, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Kanisani kwetu hakuna aliyekuwa amesikia hata jina la Katalunya, na walisimama wote.