Sabuni ya Mama

Figo za mama zilipokufa, ngozi yake nayo ilianza kukauka. Ilipasuka miguuni na mgongoni, akajikuna mpaka damu ikatoka. Tuliishi Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu baba ni Mmeru na mama alitoka magharibi mwa Kenya. Kumwosha ilikuwa kazi yangu. Nikimpaka sabuni alifumba macho na kuuma taulo.

"Wacha tu, mami," aliniambia mimi binti yake asubuhi moja. "Afadhali ninuke."

Wakati huo nilichanganya sabuni ya maji katika karakana ndogo mjini Nyeri, na nilijua kilichokuwa kikimchoma. Dawa ya povu tuliyotumia ina chembe zenye chaji hasi. Chembe hizo husukumana, kwa hiyo nyingi hubaki zikielea zenyewe majini, na hizo ndizo huingia kwenye ngozi. Ukitia dawa ya pili, isiyo na chaji, chembe zake hujipenyeza katikati ya zile za kwanza, zote zikajikusanya mafungu mafungu mapema zaidi. Zinazobaki huru kuumiza mtu hupungua, na uchafu bado unatoka.

Niliomba ruhusa kwa mwenye karakana, nikapunguza ile ya kwanza na kuongeza ya pili. Mara ya kwanza nilizidisha chumvi nikitaka sabuni iwe nzito, lakini ikipita kiasi huiharibu, ikalegea kama maji, nikaimwaga. Iliyofuata nilijipaka mwenyewe kwanza, kwenye mkono niliokuwa nimeukwaruza.

Nilipomwosha nayo, mama hakuuma taulo.

"Hii haina moto," alisema.

Alilala mchana huo. Baba alinifuata jikoni akauliza, kwa sauti ya chini, kama sasa atapona. Nikamwambia ni ngozi tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua.

Baridi ya Julai ilipoingia, mama alikataa kurudi hospitalini kwenye mashine ya kusafisha damu, aliyokuwa akiwekwa tangu figo zife. Alisema amechoka. Baba alimbembeleza siku kadhaa, halafu akaacha. Mama alikufa nikiwa nimemshika mguu, baba akiwa ameenda kununua makaa. Aliporudi alituona. Aliteremsha gunia pale mlangoni, akavua kofia, akakaa juu ya gunia hilo hadi majirani walipofika.

Siku hizi baba anaishi kwa kaka yangu, mjini Naro Moru. Nikimpigia simu tunaongea habari za mvua na viazi. Gatitu hataki hata kupita.