Mailo ya Nakonde

Kubaki kwenye kiti cha meneja mkuu kulinigharimu mkataba wa kahawa wa msimu mzima, gari la ofisi, na usingizi wa mke wangu, ambaye hakuwa hata mfanyakazi wa kampuni. Naanza na gharama ili asije mtu akadhani nilikipata bure.

Kampuni yetu ya usafirishaji ilianza na malori matatu pale kijiji cha Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, yakafika kumi na moja kabla hatujapata choo cha pili. Mimi niliyekuwa nikiuza vipuri kando ya barabara nikapewa kiti cha kuzunguka. Nilikizungusha mara mbili, kuhakikisha, kisha nikaanza kuogopa.

Kahawa ilikuwa milimani Ileje, mvua zimeanza, na tairi za malori zilikuwa vipara. Nchini hazikupatikana. Kibali cha kununua ng'ambo nilikuwa nacho, na mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa ameahidi kutuletea. Nikavuka. Nikamkuta anawafokea wapakizi.

"Vipi, tairi?"

"Mailo, mukwai," akanijibu kwa adabu ya Kibemba.

"Mailo?"

"Mailo!"

Jambo zito huwa naliuliza mara mbili, na majibu yalilingana. Tunduma nzima inajua Mbemba akisema mailo anasema kesho. Nikarudi, nikaitisha kikao cha madereva, nikatangaza, "Tairi kesho. Keshokutwa tunapanda Ileje."

Dereva wetu mkongwe, Mnyiha wa Mbozi, ndiye aliyeongoza kamati ya wafanyakazi. Tukielewana aliniita kaka. Siku ile alisimama taratibu.

"Ndugu Meneja, kona za Itumba nimeteleza nikiwa na tairi mpya. Hizi zinaonyesha waya. Kesho ikija bila tairi, funguo zote tunakuwekea mezani, uendeshe mwenyewe."

"Kiti chake kinazunguka," akadakia mwingine, "kwenye kona kitamfaa!"

Walicheka wote. Na mimi nilicheka, kwa kuchelewa.

Asubuhi nikavuka tena. Ghala tupu. Yule mfanyabiashara akanitazama kwa huruma.

"Si nilikwambia zimekuja mailo? Ukageuka, ukaenda zako. Nikajua hamzitaki, nikawapa watu wa Kasama."

"Mailo si kesho?"

"Ni kesho. Na jana pia ni mailo."

Alisema hivyo kama mtu anayemweleza mgeni kwamba mvua hulowesha.

Nilipofika ofisini simu ilikuwa inalia. Mwenyekiti wa bodi, kutoka Mbeya. Nikamweleza.

"Kahawa isipofika stesheni keshokutwa, mkataba wanapewa wengine," akasema. "Waambie tairi ziko njiani, wapande tu. Wakirudi watazikuta."

"Na wasiporudi?"

"Bwana wee, tulikuchukua kwa sababu ya mdomo wako. Utumie!"

Mdomo ninao, sikatai. Nimewahi kumuuzia mtu betri iliyokufa, akanishukuru, akaniletea na shemeji yake. Maneno ya kuwapandisha madereva wale mlimani yalikuwa tayari kichwani, yamejipanga vizuri. Nikatoka nayo hadi uani. Nikapitisha kiganja kwenye tairi ya lori la kwanza, waya ukanichoma kidole. Lori la pili, hivyo hivyo. Sikuendelea na la tatu.

"Hakuna gari linalotoka," nikawaambia. Kisha nikawaeleza habari ya mailo, yote, bila kuipaka rangi.

Mkongwe akakuna kidevu.

"Yaani jana ulituahidi tairi za juzi?"

Hakuna aliyecheka. Simu ikalia tena ndani, nikaenda kupokea, nikamjibu mwenyekiti kwamba malori yamelala. Akakata kabla sijamaliza kusema kwaheri. Karani wake akapiga baadaye kunijulisha kwamba mzee ameshaingia kwenye gari.

Nikarudi uani. Mkongwe alikuwa bado amesimama palepale, funguo mkononi, hajaamua pa kuziweka.

"Kaka," nikamwambia, "mwenyekiti atakuwa getini saa tisa, na haji kunisalimia. Wewe umesimama mbele ya wakubwa wenye hasira tangu enzi za Mwingereza. Nianze kwa kusema nini?"