Skrini Tatu za Bi Mashine

Ofisi nzima walimwita Bi Mashine, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata enzi za taipureta, alipokuwa akipiga chapa huku anaongea na mtu mlangoni, vidole vikienda vyenyewe. Miaka ishirini na sita alikaa meza ya kwanza katika chumba cha wachapaji wa mahakama. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua mwandiko wa mahakimu, ambao ukiuona utadhani kuku wamepita, na kuugeuza kurasa zinazosomeka. Mahakimu sita walikuja wakaondoka, kila mmoja na ubaya wake wa mwandiko, na wote aliwamudu.

Sasa macho yalikuwa yanamtupa mkono. Daktari alisema hakuna miwani ya kurudisha kilichokwenda. Akuze herufi, apumzike. Apumzike wapi? Herufi alizikuza mpaka skrini ikabeba mistari minne tu. Siku nzima ikawa kufungua picha ya mwandiko, kuifunga, kufungua ukurasa anaouandika, na kila akirudi keshasahau alipoishia. Jioni alifika nyumbani kichwa kinamgonga, akakaa kwenye kochi na viatu miguuni.

Mkuu wa chumba, mwanamke mpole asiyejua kuzungusha maneno, alimwita.

"Mama, kazi yako safi, sina neno. Ila inanifikia siku ya pili, mara nyingine ya tatu. Mwisho wa mwezi ikiwa bado hivi, itabidi nikuhamishie stoo ya mafaili."

Stoo ndiko walikopelekwa watu wanaosubiri kustaafu, wakafunge kamba na kupanguza vumbi. Bi Mashine alijibu "sawa" na kutoka na hasira ya kutosha kuvunja mlango, ingawa aliufunga taratibu.

Mumewe ndiye aliyetoa wazo. Alikuwa na skrini mbili kuukuu, masalia ya duka lake la kudurufu lililokufa, zimelala juu ya kabati zimefunikwa shuka.

"Zichukue," alisema. "Moja weka mwandiko, moja andikia, ya tatu iwe ya mafaili ya zamani. Utaona mwenyewe."

Alisema kana kwamba ni kuongeza viti sebuleni. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya bei rahisi tangu siku iliyonunuliwa, na siku yenyewe ilikuwa ya zamani. Nyuma yake kulikuwa na matundu mawili tu ya skrini, moja la buluu la kizamani na moja bapa. Fundi wa ofisi, mtu mzima mwenye tumbo na funguo nyingi, aliinama, akaguna, akachomeka skrini ya pili. Kwa ya tatu alitoa mfukoni kebo yenye vichwa viwili, akaligawa lile tundu la buluu. Skrini zote zikawaka, na chumba kizima kikapiga makofi.

Bi Mashine alisogeza uso kwenye skrini moja, kisha nyingine.

"Fundi, hizi mbili zinaonyesha kitu kilekile."

"Si zimewaka, mama?"

"Zimewaka. Lakini mimi nilitaka kurasa tatu, wewe umenipa mbili na pacha."

Fundi alikuna kichwa. Kutia kadi ya kuongeza skrini ndani ya mashine haikuwezekana, kasha lenyewe jembamba na umeme wake wa kubahatisha. Siku tatu baadaye alirudi na kijisanduku cha kuchomeka pale panapochomekwa flashi, ili skrini ya tatu ipate picha yake peke yake. Ikapata kweli. Ila mashine sasa ilibeba mzigo usio saizi yake: Bi Mashine akipiga neno, herufi zilikuja nyuma ya vidole, mojamoja, kama watu walioamshwa kwa nguvu. Ilibidi angoje, na yeye hakuwahi kuingoja mashine maishani mwake.

Meza ya nne alikaa wifi yake, dada wa mumewe. Bi Mashine mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchapa na kumwombea kazi, lakini siku hizi hawakupikika chungu kimoja. Wifi alinuna mwaka mzima. Alilalamika mgongo, alichelewa kurudi nyumbani, na Bi Mashine alishamwambia mumewe zaidi ya mara moja: "Dada yako anabaki ofisini apate kuonekana. Anaitaka meza yangu."

Mchana ule kijisanduku kilipochomekwa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Bi Mashine aliona vizuri. Mwandiko kushoto, ukurasa katikati, herufi nene kama vidole. Alifurahi hata akaona aibu. Kwenye skrini ya kulia alifungua orodha ya kazi zake zilizokamilika, atazame jina fulani lilivyoandikwa zamani. Orodha ikajaa skrini nzima, na safu za pembeni ambazo siku zote zilijificha zikajitokeza. Moja ilionyesha meza iliyolifungua faili mwisho na kulibadilisha.

Meza ya nne. Aliteremka na orodha hadi chini: meza ya nne, meza ya nne, mwaka mzima, kila siku jioni, watu wakiwa wameondoka.

Damu ilimchemka. Kwa desturi ya wachapaji wa zamani alikuwa akitunza nakala ya kwanza ya kila kazi. Akaiweka ya kwake kushoto, iliyokamilika katikati na mwandiko wa hakimu kulia, ili amkamate wifi yake kwa ushahidi. Akasoma mstari kwa mstari. Kwake mistari ilirukwa, tarehe zilikosewa, shahidi mmoja alipewa maneno ya mwingine. Katikati kila kitu kilikuwa mahali pake. Akafungua kazi nyingine, na nyingine. Ndiyo maana kurasa zilichelewa: zilikuwa zikimngoja wifi amalize zake kwanza.

Alisubiri wenzao watoke.

"Tangu lini, wifi?"

Wifi alitazama skrini tatu, akaelewa.

"Tangu ile hukumu ya shamba. Uliruka mistari sita."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyenishika vidole ukaniwekea juu ya herufi. Ningeanzia wapi?" Akashusha pumzi. "Sikuchukii, wifi. Nimechoka tu. Nimechoka sana."

Bi Mashine alimwomba asiguse kazi zake tena. Siku nne alichapa peke yake, skrini tatu mbele yake, akiingoja mashine na kusoma kila mstari mara mbili. Alitoa kurasa tisa kwa siku, safi. Zilizohitajika ni ishirini. Alijaribu kwenda kasi, makosa yakarudi, akajua hapo ndipo mwisho wake.

Siku ya tano alimwandikia mkuu wa chumba barua ya kuomba kuhamishiwa stoo, na kuomba meza ya kwanza apewe mtu wa meza ya nne. Aliichapa kwa herufi kubwa mpaka ikaenea skrini mbili. Kisha akamwita wifi aisome.

Wifi aliinama, kidole kikifuata mistari kwa mazoea, akitafuta cha kusahihisha. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena.

"Hakuna kosa," alisema, akaondoa kidole kwenye skrini.

"Najua," alijibu Bi Mashine. "Leo nenda nyumbani mapema."