Maji Yaliyosubiri Kondoo

Damali Apendi binti Ofwono. Baba yake alibeba kichwani mawe ya msingi wa kanisa letu la Kirewa. Mama yake, Aguti, alilisha nyumba saba kwa ghala moja la nafaka ya wimbi, mwaka wa njaa. Damali mwenyewe alifundisha wasomaji wa ubatizo miaka thelathini, enzi za Waingereza, na hakuna kasisi aliyewahi kumrudishia msomaji kwa kukosa jibu.

Swali lake la kwanza halikubadilika: "Kristo alikufa kwa ajili ya nani?" Nawe ulijibu, "Kwa ajili yangu mimi, mwenye dhambi. Akazikwa, akafufuka."

Reli ilipofika Tororo, mwanawe wa pekee, Odoi, alikwenda kubeba mataruma, akamwacha binti mchanga, Amondi, kwa bibi yake. Siku moja kwenye pombe aligombana na mwenzake wa genge, mtu wa kabila la Teso aitwaye Ojangole. Ojangole akampiga beleshi la kichwa. Odoi hakuamka tena.

Ojangole alifungwa miaka tisa. Alipotoka alijenga Kiyeyi, kijiji jirani, kwa dada yake Ariokot, na Jumatatu moja akasimama mlangoni pa darasa, kofia mkononi.

"Mama, mimi nataka kusoma."

Darasa zima likamgeukia Damali. Damali hakumfukuza. Angemfukuzaje, kwa mdomo ule ule uliofundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi? "Kaa kule nyuma," akasema.

Lakini jina la kupeleka kwa kasisi lilikuwa mkononi mwake, na hakulipeleka. Mwaka wa kwanza alisema Ojangole hajajua majibu. Mwaka wa pili, hajajua vizuri. Mwaka wa tatu, mzee Ebong, mcheshi wa darasa, alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, hata mbuzi wako pale nje amekwisha kuyajua. Ni huyu tu asiyeyajua?"

Watu wakacheka. Damali akamgeukia Ojangole, akamuuliza swali. Akajibu lote, ila sauti ilimkatika kwenye neno "mimi". Damali alisikia. Alisikia sana. Jina hakuliandika.

Masika ile Ariokot alikuja mbio, matope mpaka magotini. "Mwalimu, kichomi kinamuua kaka yangu. Anaomba maji ya ubatizo. Kasisi yuko mbali."

Kwa mtu anayekufa, mwalimu aliruhusiwa kubatiza. Damali alijaza kibuyu, akaenda karibu kwa kukimbia. Alipofika penye ua wa minyaa wa Ojangole, miguu ikagoma. Kati ya nyumba zile mbili kulikuwa na damu, na watu wa damu hawakanyagi uani kwa wenzao mpaka wazee wamechinja kondoo mlangoni.

"Leteni kondoo," akasema.

"Mama, ingia tu!"

"Kondoo kwanza."

Wakaenda kumtafuta. Mvua ikanyesha. Damali alisimama nje, kibuyu kifuani, akimsikia Ojangole ndani akijibu, wala hakuna aliyemuuliza: "Kwa ajili yangu mimi…" Tena: "Kwa ajili yangu…" Kisha kimya. Kondoo alipotokea njiani akivutwa kwa kamba, Ariokot alikuwa ameanza kulia.

Miaka yote ile Damali aliwaambia watu kwamba Mwanakondoo amekwisha kuchinjwa, damu imetosha. Akasimama mvuani kumsubiri mwingine.

Akamwambia mwenye kamba, "Mrudishe." Akaingia. Akamwosha marehemu uso kwa maji yale, ambayo sasa yalikuwa maji tu. Akakaa matanga na Ariokot, wakala uji bakuli moja.

Aliendelea kufundisha, lakini kila alipofika kwenye neno "mimi" aliketi kwanza, ndipo alipolitamka. Miguu ilipovimba hata hafiki darasani, alimwita Amondi, sasa mwanamke mwenye watoto wawili, akamkabidhi kibuyu.

"Darasa ni lako. Jumatatu Ariokot anaanza kusoma."

"Bibi, dada wa yule aliyemuua baba?"

"Huyo huyo. Mkalishe mbele, na akijua jibu, jina lake liende siku ile ile."